Fuata Faili la Marehemu Mmoja

Wanafunzi wa huduma za mazishi nchini Marekani huogopa sehemu moja ya mtihani wa taifa na kuidharau nyingine. Wanaiogopa Sayansi: mishipa ya damu, kemia ya dawa za kuhifadhi mwili, vijidudu, kurekebisha uso ulioharibika. Wanaidharau Sanaa, ambayo licha ya jina lake haina uchoraji wala ngoma. Ni usimamizi mtupu: kupanga na kuendesha mazishi, sheria, hesabu za biashara, kukaa na wafiwa, na shughuli za makaburi na matanuri ya kuchomea maiti. Mtu husema moyoni, haya si ya kukesha, nitayajibu kwa busara.

Aliyekulia Mbeya, Kisumu au Bukavu akiingia na mawazo hayo ataumia. Busara yetu ya msiba ni nzuri, ila ilikomaa katika misiba ya kwetu, ambako ukoo hukaa, wazee husema, majirani huchanga na mwili huzikwa. Mtihani unauliza busara ya mahali ambapo mfiwa ni mteja, haki ya kuamua kuhusu mwili ina mwenyewe kisheria, na kila hatua ina karatasi yake. Mwongozo huu ni kwa ajili ya hiyo sehemu ya Sanaa.

Anza na mambo ya mlangoni. Mtihani hutungwa na International Conference of Funeral Service Examining Boards, chombo cha pamoja cha bodi za leseni, na hufanywa kwenye kompyuta katika vituo vya Pearson VUE. Sehemu mbili hizo hufanywa kila moja peke yake. Alama ya kufaulu ni 75, lakini hiyo ni alama iliyopitishwa kwenye mizani ya mtihani, kwa hiyo usiigeuze kuwa asilimia na kuanza kuhesabu maswali unayoweza kukosa. Yamo pia maswali ya majaribio yasiyohesabiwa, nayo hayana alama ya kuyatambulisha. Ukikutana na swali la ajabu, jibu uendelee. Anayeruhusiwa kufanya kwa kawaida ni aliyesoma chuo chenye ithibati ya American Board of Funeral Service Education.

Majimbo hayafanani. Mengine yana leseni mbili, ya kuongoza mazishi na ya kuhifadhi mwili kwa dawa, mengine yameziunganisha. Penye leseni mbili, huenda bodi ikamkubalia anayetaka kuongoza mazishi tu afanye Sanaa peke yake. Iandikie bodi ya jimbo lako kabla hujalipa ada, na uliweke jibu lake. Wala usimsikilize anayekwambia kuna mahali hawaulizi leseni. Colorado ilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 2023 miili zaidi ya 180 ikakutwa ikioza katika jengo la kampuni moja ya mazishi mjini Penrose, na mwaka uliofuata jimbo likapitisha sheria inayodai leseni kuanzia Januari 2027.

Halafu jina lako. Jina la usajili lazima lilingane na la kitambulisho utakachobeba. Wengi wetu tuna majina matatu shuleni, mawili kwenye pasi na mpangilio mwingine kwenye leseni ya udereva. Wapo waliofika Marekani na jina moja, wakaandikiwa FNU, yaani jina la kwanza halijulikani, mahali pa jina la kwanza. Mambo haya hayatengenezwi asubuhi ya mtihani. Yatengeneze miezi miwili kabla, chuoni na kwenye usajili kwa pamoja.

Sasa kusoma kwenyewe. Vitabu vya maandalizi vimepangwa kwa masomo: sheria sura hii, uhasibu sura ile, ushauri kwa wafiwa sura nyingine. Soma hivyo mara moja tu, upate ramani. Baada ya hapo tafuta faili jipya, ubuni marehemu mmoja, na umfuate toka simu ya kwanza hadi ankara ya mwisho, ukijiuliza kila hatua maswali matatu: nani ana haki ya kuamua hapa, karatasi gani inahitajika, na inahitajika kabla ya nini. Maswali mengi ya Sanaa ni sura mbalimbali za hayo matatu.

Nikupe wa kuanzia. Mzee wa miaka 71, mwanajeshi mstaafu wa jeshi la Marekani, amefia nyumbani usiku. Ana mke wa pili, watoto watatu wakubwa wa mke wa kwanza aliyeachana naye, na mdogo wake yuko Nairobi anapiga simu kila baada ya nusu saa akisema mwili uletwe nyumbani.

Simu ya kwanza inapoingia, swali si jeneza gani. Ni kama kifo kimethibitishwa, na na nani. Kama mzee alikuwa chini ya uangalizi wa wagonjwa wa siku za mwisho, muuguzi wake atathibitisha. Kama amekutwa amekufa na hakuna daktari aliyekuwa akimwangalia, suala linakwenda kwa mchunguzi wa vifo wa kaunti, na mwili hausogezwi mpaka aruhusu. Jibu linalomtuma dereva mbio mbio kabla ya ruhusa hiyo limewekwa pale kwa ajili ya wenye huruma.

Kisha nani ana haki. Msomaji kutoka Kenya ataikumbuka kesi ya S. M. Otieno. Wakili huyo alifariki Desemba 1986 jijini Nairobi, mjane wake Wambui akataka amzike karibu na Nairobi, ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Siaya, na mwili ukakaa mochwari hadi Mei 1987, ukoo uliposhinda na Otieno akazikwa Nyalgunga. Kesi ile imekaa vichwani mwetu kama sheria. Iache mlangoni. Katika majimbo ya Marekani anayetangulia kwa kawaida ni yule ambaye marehemu mwenyewe alimteua kwa maandishi, asipokuwepo, mume au mke, halafu watoto waliotimiza umri wa utu uzima, halafu wazazi, halafu ndugu wa kuzaliwa naye. Kwa hiyo katika faili letu mke wa pili ndiye anayetia saini, hata kama ndoa ina mwaka mmoja na watoto wamenuna. Mke wa kwanza aliyeachika kisheria hana sauti. Mdogo wa Nairobi yuko nyuma ya watoto wote watatu. Na hata akituma fedha zote, fedha hazimpi haki.

Hapohapo jifunze kutenganisha mwenye haki ya kuamua na mwenye deni. Anayetia saini mkataba ndiye anayedaiwa. Kundi la WhatsApp lililochanga haliwezi kushtakiwa. Mtihani hautalitaja kundi hilo, lakini utakuletea mpwa aliyetia saini akidhani mirathi italipa, na utakuuliza kampuni imdai nani.

Sasa wafiwa wamekaa mbele yako, na hapa usiharakishe. Kanuni ya Mazishi ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilitolewa mwaka 1982 na kuanza kutumika 1984, miongo miwili baada ya Jessica Mitford kuianika biashara hii katika kitabu chake The American Way of Death cha 1963. Isome yenyewe na mwongozo wa FTC kwa wafanyabiashara, ambao haulipiwi, usitegemee muhtasari wa mwenzako. Orodha kuu ya bei lazima umkabidhi mtu aondoke nayo, pale tu mazungumzo ya ana kwa ana kuhusu huduma, bidhaa au bei yanapoanza. Haijalishi yanafanyika ofisini, sebuleni kwa wafiwa au kwenye baraza ya kanisa. Haijalishi anayeuliza ni mfiwa, mwandishi wa habari au mshindani wako wa mtaa wa pili. Huruhusiwi kumtaka jina lake kwanza. Orodha ya majeneza na ile ya masanduku ya zege au chuma yanayolilinda jeneza kaburini zina masharti yake: huonyeshwa kabla mteja hajaonyeshwa bidhaa, na si lazima aondoke nazo. Kwenye simu hutumi orodha kwa lazima, ila aulizaye bei ajibiwe.

Mtego wa kweli uko kwenye mlango wa chumba cha mauti. Umekwenda kuuchukua mwili, unaomba tu ruhusa ya kuutia dawa: je, umpe mke orodha ya bei saa hiyo? Hapana, mradi mazungumzo yameishia hapo na umemwambia kwamba sheria haidai dawa hiyo isipokuwa katika hali maalumu. Akikuuliza bei ya jeneza, mambo yamebadilika, orodha itoke.

Kuhusu dawa yenyewe, kanuni inakuruhusu kuitoza katika hali tatu: sheria ya jimbo imeidai, umepata ruhusa ya mwenye haki kabla, au umemtafuta mwenye haki kwa bidii ukamkosa, huna sababu ya kudhani angekataa, na baadaye akaridhia. Ukitia bila ruhusa, na familia ikachagua huduma ambayo mwili haukuhitaji dawa, hiyo ni hasara yako. Kwa mfiwa Mwislamu suala hili halina mjadala mrefu, kwa kuwa anataka mwili uoshwe, ukafiniwe na kuzikwa upesi bila dawa. Na katika kanuni hii hana sababu ya kubembeleza mtu.

Mengine yakariri yalivyo. Ada ya msingi ya huduma za mkurugenzi na wafanyakazi wake ndiyo pekee mteja asiyoweza kuikataa. Jeneza lililonunuliwa kwingine lazima lipokelewe, na hairuhusiwi kulitoza ada ya kulipokea. Kwa uchomaji wa moja kwa moja usio na ibada, huwezi kumlazimisha mtu anunue jeneza. Lazima pawepo kasha rahisi mbadala. Ukimlipia mteja vitu vya watu wengine, kama tangazo la gazeti au kwaya, na ukaongeza chako juu au ukabaki na punguzo ulilopewa, lazima ueleze kwamba unatoza kwa kazi hiyo. Maelezo ya huduma na bidhaa zilizochaguliwa, kila moja na bei yake, hukabidhiwa mwishoni mwa kikao. Kuyatuma kwa posta wiki ijayo ni kosa. Nakala zake, na za orodha za bei, hutunzwa angalau mwaka mmoja. Faini ya kosa moja imepita dola 50,000, na kila mteja aliyekosa orodha anaweza kuhesabiwa kosa lake.

Karatasi za serikali ni nyepesi kuliko zinavyoonekana. Kwenye cheti cha kifo, kampuni ya mazishi hujaza habari za mtu: majina, wazazi, elimu, kazi. Sababu ya kifo huandikwa na daktari au mchunguzi wa vifo, kamwe si wewe, hata kama unaijua. Hifadhi ya Jamii hutoa dola 255 mara moja kwa mjane au mtoto anayestahili, na hazilipwi kwa kampuni ya mazishi. Kwa kuwa mzee wetu alikuwa mwanajeshi, omba hati yake ya kuachishwa jeshi, DD 214, maana ndiyo inayofungua bendera, jiwe la kaburi na kiwanja katika makaburi ya taifa. Bendera ikifunika jeneza, sehemu ya buluu hukaa upande wa kichwa, juu ya bega la kushoto. Haishuki kaburini wala haigusi ardhi. Swali hilo ni la bure, usilikose.

Tuseme mke amekubali mwili uende Nairobi. Orodha ya bei lazima iwe na kipengele cha kusafirisha mwili kwenda kampuni nyingine, kwa bei ya jumla inayosema nini kimo. Hakikisha unajua tofauti yake na kuupokea mwili uliotumwa, kwa sababu maswali hupenda kuvigeuza. Kazini utakutana na cheti cha kifo chenye muhuri, kibali cha kusafirisha mwili, barua ya kutokuwa na ugonjwa wa kuambukiza, maelezo ya uhifadhi, pasi ya marehemu na masharti ya ubalozi. Hayo ubalozi na shirika la ndege ndio wa kuuliza kila safari.

Sasa lifungue faili upya, useme mke anataka kuchoma. Kwetu wengi hili ni geni, ilhali huko Marekani miili inayochomwa sasa ni zaidi ya nusu. Kuchoma hakurudishwi nyuma, na masharti yake yote yanatokana na hilo: mwenye haki atie saini ya ruhusa, mwili utambuliwe, alama ya utambulisho ifuatane nao hadi kwenye majivu, na kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kitolewe kwanza kwa kuwa betri yake hulipuka ndani ya tanuri. Pitia pia njia mpya. Washington ilikuwa ya kwanza kuhalalisha kugeuza mwili kuwa udongo, kwa sheria ya mwaka 2019.

Hesabu huwatisha watu bure. Zinazotakiwa ni za duka la kawaida. Jeneza ulilonunua dola 800 ukaliuza 2,000 limekupa faida ghafi ya 1,200. Hiyo ni asilimia 60 ya bei ya kuuzia, lakini asilimia 150 ya bei ya kununulia. Majibu yote mawili yatakuwepo, kwa hiyo rudi kwenye swali uone linauliza asilimia ya nini. Jua mali ukitoa madeni hubaki mtaji, jua tofauti ya mizania na taarifa ya mapato, basi.

Penye utajiri wa maswali ni fedha za mazishi yaliyolipiwa kabla ya kifo. Fedha hizo si za kampuni mpaka huduma itolewe. Hukaa kwenye amana au kwenye bima, na mkataba huwa wa kuvunjika au usiovunjika. Anayeomba msaada wa serikali wenye kipimo cha mali huambiwa achague usiovunjika, ili fedha hizo zisihesabiwe kuwa akiba yake. Katika SSI, mmoja wa misaada hiyo, kuna pia dola 1,500 za mazishi zinazoweza kutengwa bila kuhesabiwa. New York hudai fedha zote, asilimia 100, ziwekwe kwenye amana. Majimbo mengine huruhusu kampuni kubaki na sehemu.

Usalama kazini nao una tarakimu zake. Kwa mvuke wa formaldehaidi, kiwango cha OSHA, idara ya shirikisho ya usalama kazini, ni sehemu 0.75 kwa milioni kwa wastani wa saa 8, na sehemu 2 kwa milioni kwa dakika 15. Hatua huanza kuchukuliwa kwenye 0.5. Mfanyakazi anayeweza kugusa damu apewe nafasi ya kuchanjwa homa ya ini aina ya B, bila malipo, ndani ya siku 10 za kazi tangu apangiwe kazi hiyo. Ziandike tarakimu hizi kwenye kadi moja, uibandike unapopigia mswaki.

Somo la huzuni lina majina machache yasiyokwepeka. Erich Lindemann aliandika mwaka 1944 juu ya walionusurika na waliofiwa katika moto wa klabu ya Cocoanut Grove, Boston, ulioua watu 492 mwaka 1942. Elisabeth Kübler-Ross alitoa hatua zake tano mwaka 1969, akiwa amezipata kwa wagonjwa waliokuwa wakifa, jambo ambalo wengi husahau na mtihani haujalisahau. William Worden anazungumza juu ya kazi nne za mfiwa, na kazi ni kitu mtu anachofanya, tofauti na hatua zinazompitia. Zaidi ya majina, mtihani unapima mdomo wako. Mjane analia, wewe unasema nini? Ulimi wetu unakimbilia kusema ni mapenzi ya Mungu, jikaze. Kwenye mtihani hilo ni jibu la kukosa. Linalotakiwa ni kumsikiliza, kuyataja yale anayoyahisi, kumwachia nafasi. Na akionyesha dalili za kutaka kujidhuru, kumpeleka kwa mtaalamu. Mkurugenzi wa mazishi hatibu. Binafsi naona maneno yetu yana joto ambalo kitabu hakina, lakini yahifadhi kwa ajili ya kazini, kwa wafiwa wanaoyataka.

Muda wa miezi mitatu unatosha kwa anayefanya kazi, akijifunga saa moja na nusu siku tano za wiki. Mwezi wa kwanza vitabu. Wa pili mafaili, ukibadilisha kitu kimoja kila mara: marehemu hana ndoa, amefia jimbo jingine, watoto wamegawanyika, mkataba ulilipwa miaka kumi nyuma. Mwezi wa tatu maswali ya mazoezi kwa saa ya ukutani. Kila unalokosa, andika ni lipi kati ya maswali matatu uliloliruka: haki, karatasi au wakati. Kuwa macho na vitenzi vya Kiingereza vya kulazimisha na vya kuruhusu, kwa kuwa jibu la uongo mara nyingi ni la kweli lililobadilishwa neno hilo moja. Kama husomi Kiingereza kila siku, soma maswali kwa sauti nyumbani. Kasi huja na mdomo. Na ukisoma na wenzako, mmoja awe mke wa pili, mwingine mdogo wa Nairobi, wa tatu akae kwenye kiti cha mkurugenzi na asiruhusiwe kusema "inategemea" bila kutaja inategemea nini.

Ukishafaulu, omba alama zipelekwe kwenye bodi yako, kisha uanze mtihani wa sheria za jimbo, ambao ni mfupi lakini hauna huruma. Faili lako litumie tena, safari hii ukijaza tarakimu za huko: cheti kisajiliwe ndani ya siku ngapi, mwili usiotiwa dawa uwekwe kwenye baridi baada ya saa ngapi, uchomaji usubiri muda gani. Florida na Massachusetts husubiri saa 48 tangu kifo. Jimbo lako litazame lenyewe. Na ukihamia jimbo jingine ukiwa na leseni mkononi, karatasi hiyo ya tarakimu ndiyo utakayoanza kuiandika upya.